Maktaba Hufungwa Kabla ya Kufuli



Nimeombwa nizungumzie halmashauri zinazopanga kufunga maktaba za umma. Nitakaa zaidi Uingereza, na sababu ninayo. Maktaba zetu za umma hapa Afrika Mashariki zimejengwa kwa kielelezo cha huko, kuanzia sheria hadi namna ya kumwazima msomaji kitabu. Na tangu 2010 halmashauri za huko zimefunga mamia ya maktaba, zote hadharani, kwa hati za bajeti, kwa kura za madiwani na kwa kesi za mahakamani. Yeyote anayetaka kujua jambo hili hufanyikaje anaweza kulifuata hatua kwa hatua. Nami kwa kulifuata nimefikia hukumu moja ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu: siku madiwani wanapopiga kura, maktaba huwa imeshafungwa kitambo. Ilifungwa kwa maamuzi madogo ambayo hakuna aliyeandamana kuyapinga.

Nianze na maktaba ndogo iliyoko mtaa wa Kensal Rise, kaskazini-magharibi mwa London, katika eneo la Halmashauri ya Brent. Ardhi yake ilitolewa na All Souls, mojawapo ya vyuo vya Oxford, kwa ajili ya maktaba. Chumba cha kusomea kilifunguliwa mwaka 1900 na Mark Twain, mwandishi wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa London. Baadaye Andrew Carnegie, tajiri wa chuma aliyejenga maktaba mamia kwa mamia, akatoa fedha za kuipanua. Kwa miaka zaidi ya 100 watoto wa mtaa huo, wengi wao wa familia za wahamiaji kutoka Ireland, Karibiani na baadaye Afrika na Asia, walisomea hapo.

Mwaka 2011 Halmashauri ya Brent iliamua kufunga maktaba 6 kati ya 12 ilizokuwa nazo, Kensal Rise ikiwamo. Wakazi walienda Mahakama Kuu wakashindwa mwezi Oktoba. Wakakata rufaa, wakashindwa tena Desemba. Siku jaji aliposoma hukumu ya kwanza, watu walisimama mlangoni ili mafundi wasiweze kuziba madirisha kwa mbao. Wakaanza kulinda zamu. Wakaweka meza ya vitabu nje, kando ya barabara, mtu anaazima na kurudisha kama kawaida, mvua ikinyesha wanafunika kwa plastiki. Waandishi kama Zadie Smith, aliyekulia maeneo hayo, na Alan Bennett walijitokeza kuwatetea. Kisha usiku wa manane mwishoni mwa Mei 2012, wakati mtaa umelala, wafanyakazi wa halmashauri walifika wakiwa na polisi. Walibeba vitabu, wakaondoa samani, wakabandua hata kibao cha kumbukumbu ya Mark Twain. Kulipokucha rafu zilikuwa tupu.

Nimelieleza tukio hilo kwa kirefu kwa kuwa ndilo watu hukumbuka: lori, usiku, rafu tupu. Lakini tukilitazama hilo peke yake tutapotea. Hoja ya halmashauri ilikuwa kwamba maktaba chache zilizo nzuri ni bora kuliko nyingi zilizo dhaifu. Ni hoja inayosikika kuwa na akili. Swali ambalo halikuulizwa mapema ni hili: zile dhaifu zilidhoofishwa na nani?

Tufuate utaratibu wenyewe, maana ndio huo huo kila mahali. Kwanza hupunguzwa saa. Maktaba iliyokuwa ikifunguliwa siku sita inafunguliwa siku nne, na kufungwa saa kumi na moja badala ya saa mbili usiku. Anayefanya kazi mchana ameondolewa. Mwanafunzi anayetoka shule saa kumi amebakiziwa muda wa kufika, kuvua mkoba na kuambiwa tunafunga. Pili, fungu la kununua vitabu linakatwa, kwa kuwa kati ya gharama zote ndilo rahisi kulikata: mshahara una mkataba, umeme una ankara, kitabu kisichonunuliwa hakimdai mtu. Msomaji anakuja mara tatu anakuta vitabu ni vilevile, mara ya nne haji. Tatu, mahali pa mkutubi aliyestaafu haajiriwi mwingine. Nne, paa linavuja na halitengenezwi. Baada ya miaka michache ofisa anatumwa ahesabu wasomaji. Anapata idadi ndogo, anaiandika kwenye ripoti, na ripoti inawafikia madiwani ikiwa na takwimu za kweli kabisa: matumizi yameshuka. Hakuna aliyedanganya. Halmashauri imepima matokeo ya maamuzi yake yenyewe, kisha ikayatumia kama ushahidi dhidi ya wasomaji.

Haki inanidai niseme pia upande wa halmashauri. Kuanzia 2010 serikali kuu ya Uingereza ilikata kwa nguvu ruzuku iliyokuwa ikizipa halmashauri. Wakati huo huo gharama za kuwatunza wazee wasiojiweza na watoto walio hatarini zilikuwa zikipanda, na kuwatunza ni wajibu wa kisheria ambao hauna njia ya kuukwepa. Diwani aliyekaa na makadirio mbele yake aliona mzee anayehitaji mtu wa kumwogesha upande mmoja, na maktaba upande wa pili. Siwezi kumlaumu aliyemchagua mzee. Ninachokataa ni kumwekea mezani mambo hayo mawili tu, kana kwamba halmashauri haina matumizi mengine.

Mfano ni Northamptonshire. Februari 2018 ofisa mkuu wa fedha wa kaunti hiyo alitoa ilani rasmi ya kusimamisha matumizi mapya kwa kuwa hesabu hazikuweza kulingana. Mwezi huo huo ukapitishwa mpango wa kuacha kuendesha maktaba 21 kati ya 36. Ni halmashauri hiyo hiyo ambayo mwaka 2017 ilikuwa imefungua makao makuu mapya yaliyogharimu pauni milioni 53. Wakazi walienda mahakamani, na mmoja wa walalamikaji alikuwa mtoto. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango ule haukuwa halali. Halmashauri ilikuwa imepanga ikate kiasi gani cha fedha, lakini haikukaa chini kujiuliza kama baada ya kukata itakuwa bado inatimiza wajibu wake wa kisheria kuhusu maktaba. Ushindi ule ulikuwa wa kweli, ila haukuleta fedha. Maktaba kadhaa ziliishia mikononi mwa vikundi vya wakazi, na mwaka 2021 halmashauri yenyewe ikavunjwa.

Wajibu huo wa kisheria kuhusu maktaba ni upi? Hapa nawaomba wanafunzi wa ukutubi wanisikilize kwa makini.

Sheria ya kwanza ya maktaba za umma Uingereza ilipitishwa mwaka 1850. Aliyeipeleka bungeni ni William Ewart, na aliyempa takwimu na hoja ni Edward Edwards, mtoto wa fundi mwashi aliyejisomesha mwenyewe hadi akaajiriwa katika maktaba ya Makumbusho ya Uingereza. Upinzani ulikuwa mkali. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, alitamka waziwazi kwamba yeye hapendi kusoma hata kidogo, na kwamba alikuchukia alipokuwa Oxford. Wengine waliogopa kwamba mfanyakazi akisoma atakuwa mkaidi. Sheria ikapita, lakini ikiwa imefungwa miguu. Mji ulilazimika kuwa na watu 10,000 au zaidi. Theluthi mbili ya walipa kodi waliopiga kura walipaswa kukubali. Kodi ya maktaba haikuruhusiwa kuzidi nusu peni kwa kila pauni ya thamani ya nyumba. Na fedha hizo ziliweza kujenga na kutunza nyumba, lakini hazikuruhusiwa kununua kitabu hata kimoja! Vitabu vilitarajiwa vitoke kwa wahisani. Ilipofika 1855 ndipo sheria ilipobadilishwa, kodi ikapanda hadi peni moja na vitabu vikaruhusiwa kununuliwa.

Watu wa 1850 waliandika kosa hilo kwenye sheria. Sisi hatukuliandika popote, lakini tunalitenda. Ni mara ngapi tumeona kiongozi akikata utepe, jengo likipakwa rangi, picha zikipigwa, na baada ya miaka mitano rafu zina vitabu vya msaada vilivyotolewa na shule za ng'ambo, vingine juzuu ya tatu bila ya kwanza wala ya pili? Jengo huonekana kutoka barabarani. Fungu la vitabu huonekana kwenye jedwali la bajeti tu, nasi jedwali hatulisomi.

Sheria inayotumika sasa Uingereza na Wales ni ya mwaka 1964. Inaitaka kila halmashauri inayohusika itoe huduma ya maktaba iliyo kamili na yenye ufanisi kwa wote wanaotaka kuitumia. Inakataza kumtoza mtu ada kwa kuazima kitabu. Inampa waziri mamlaka ya kusimamia na kuagiza uchunguzi pale halmashauri inapozembea. Mwaka 2009 mamlaka hayo yalitumika: Halmashauri ya Wirral ilipotaka kufunga maktaba 11, uchunguzi uliagizwa, halmashauri ikauondoa mpango wake, na mchunguzi akahitimisha kwamba ilikuwa imekiuka sheria kwa kutoanza na kupima mahitaji ya watu wake. Mwaka 2011 mipango ya Gloucestershire na Somerset ilibatilishwa na mahakama kwa kuwa halmashauri hizo hazikuzingatia ipasavyo sheria ya usawa, yaani jinsi wanawake, wazee, walemavu na wengine walio katika hali ngumu watakavyoathirika.

Kwa hiyo sheria inasaidia. Lakini tazama: maneno "kamili" na "ufanisi" hayana kipimo. Hayasemi saa ngapi kwa wiki, vitabu vipya vingapi kwa mwaka, wala mkutubi mmoja kwa watu wangapi. Mahakama inaweza kuiambia halmashauri irudi ikafikiri upya. Haiwezi kuiambia ifungue Jumamosi. Ndiyo maana nasema tukitegemea mahakama tutakuwa tumefika tumechelewa.

Watu wengine huniuliza: lakini siku hizi kila kitu si kipo kwenye simu? Jibu ninalolitoa nalo limetoka Uingereza. Kuanzia 2013 serikali ya huko ilileta mfumo mpya wa ruzuku kwa wasio na kazi na wenye kipato kidogo, na maombi yake hufanywa kwa intaneti. Mtu asiye na kompyuta, asiye na intaneti nyumbani, asiyejua hata barua pepe, alienda wapi? Alienda maktaba. Mkutubi ndiye aliyeketi naye kumfungulia akaunti. Serikali ilihamishia mlo wa maskini kwenye kompyuta, na katika miaka hiyo hiyo halmashauri zilizokatiwa ruzuku zikawa zinafunga mahali pekee maskini alipopata kompyuta bila malipo. Nasi tusijione tuko mbali na hilo. Anayetaka cheti cha mwenendo mwema, leseni au pasipoti leo Kenya hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa chuo Tanzania hujaza fomu ya intaneti. Asiye na bundle humlipa mwenye saiba, humpa na nywila yake.

Wengine husema wananchi wajitolee. Kensal Rise walijitolea. Baada ya mapambano ya miaka mingi, mwaka 2019 maktaba ilifunguliwa tena katika sehemu ya chini ya jengo lile, ikiendeshwa na wakazi, huku sehemu nyingine ikiwa imegeuzwa nyumba za kuishi. Nawaheshimu sana watu wale. Stony Stratford, mji mdogo ulio katika eneo la Milton Keynes, walifanya jambo jingine lililonifurahisha. Januari 2011, waliposikia maktaba yao iko hatarini, kila mwenye kadi alienda kuazima vitabu 15, ambacho ndicho kiwango cha juu alichoruhusiwa. Vitabu kama 16,000 vikatoka, rafu zikabaki wazi kabisa, na kila diwani akaona kwa macho yake mji bila maktaba unavyofanana. Maktaba ile haikufungwa.

Lakini nani ana muda wa kulinda mlango kwa zamu? Nani ana jirani wakili, jirani mwandishi, jirani anayejua kuandika barua kwa gazeti? Uchunguzi wa BBC uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika miaka sita maktaba 343 zilikuwa zimefungwa, karibu ajira 8,000 za maktaba zimepotea, na watu wa kujitolea 15,500 wameingizwa. Uchunguzi mwingine wa shirika hilo mwaka 2024 ukaonyesha kwamba mitaa maskini ilikuwa na uwezekano wa kupoteza maktaba ya halmashauri karibu mara nne kuliko mitaa tajiri. Kujitolea huokoa maktaba pale ambapo watu wangeweza kuishi bila maktaba. Pale ambapo mtoto hana meza nyumbani, wazazi wake wanafanya kazi mbili, hakuna wa kushika zamu. Ukutubi ni kazi ya kusomewa, inastahili mshahara, na siombi radhi kwa kulisema hilo mbele ya watu mnaoisomea.

Sasa turudi nyumbani.

Historia yetu ya maktaba ni fupi na watu wengi hawaijui. Kabla ya uhuru, Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki lilikuwa likisambaza masanduku ya vitabu vijijini na kuazimisha kwa posta. Mwaka 1960 ilitoka ripoti ya mkutubi Sydney Hockey kuhusu kuendeleza maktaba katika nchi zetu, na baada yake zikaja sheria: Tanganyika mwaka 1963, Kenya mwaka 1965. Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu Dar es Salaam. Nairobi kulikuwa na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, jengo la kupendeza la nguzo ndefu, ambamo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ilifunguliwa kwa wote uhuru ukiwa unakaribia, kisha ikakabidhiwa halmashauri ya jiji. Kizazi kilichojenga maktaba za baada ya uhuru kilijua maana ya kuzuiwa mlangoni, na kilizijenga kwa makusudi ili mlango ubaki wazi.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ni neno moja katika orodha, linalofuata mambo kama leseni za pombe na kamari, sinema na burudani. Orodha ile haikutaja saa, vitabu wala wakutubi. Kwa maana hiyo kaunti zetu zimepewa kile ambacho halmashauri za Uingereza zilipewa mwaka 1964, ila bila hata yale maneno mawili, "kamili" na "ufanisi". Baadhi zimefanya vyema. Nairobi kumefanyika kazi nzuri ya kukarabati maktaba za Kaloleni na Makadara, iliyofanywa na shirika la Book Bunk kwa makubaliano na kaunti, na anayedai watu wetu hawasomi aende Kaloleni aone watoto. Lakini kazi inayotegemea mkataba wa shirika na kaunti inahitaji mkataba mpya kila muda unapokwisha.

Jambo moja linanitia hofu kuliko mengine, nalo ni namna tutakavyohesabiwa. Nenda maktaba yoyote ya umma mwezi Septemba au Oktoba, kabla ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari. Viti vimejaa tangu mlango unapofunguliwa. Kijana ameketi na daftari lake, karatasi za mitihani iliyopita alizozitoa fotokopi, chupa ya maji miguuni. Mwenzake amekaa dirishani kwa kuwa meza zimeisha. Wote wamekuja kutafuta meza, taa na utulivu ambao chumba kimoja cha watu sita hakiwezi kutoa. Hakuna hata mmoja wao atakayeazima kitabu. Sasa mlete ofisa aliyeagizwa ahesabu vitabu vilivyoazimwa mwezi huo. Ataandika kwamba maktaba haitumiki, naye ameketi katikati ya chumba kilichojaa.

Wakutubi wenzangu, kwa hiyo hesabuni nyinyi kabla hamjahesabiwa. Hesabuni viti saa nne, saa saba na saa kumi. Andikeni siku watu walipokuta mlango umefungwa, na wangapi waliulizia kitabu mkakosa kuwapa. Daftari la mambo yaliyokosekana lina thamani kuliko daftari la yaliyotolewa, maana ndilo litakaloonyesha kwamba wasomaji hawakukimbia wenyewe.

Na nyinyi wananchi mlioko hapa, wa Kenya na ndugu zetu wa Tanzania ambao halmashauri zenu zina madiwani na vikao, msingoje tangazo la kufunga. Ulizeni mwaka huu, maktaba ikiwa bado ina watu, maswali ambayo hakuna mwandishi wa habari atakayeyafanya kichwa cha habari: fungu la vitabu ni kiasi gani, na mwaka jana lilikuwa kiasi gani? Nafasi ngapi za wakutubi ziko wazi? Nani aliamua maktaba ifungwe saa kumi na moja? Mwambieni mwakilishi wadi wenu au diwani wenu alitake jibu kwa maandishi.

Kwa sheria ya Kenya ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafikishwe katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Nawaomba mfike katika vikao hivyo, mfungue ukurasa wa maktaba, na msiondoke kabla hamjaona fungu la vitabu.